Herini Zisizo Pacha: Insha juu ya Pambo la Sikio na Usawa Wake

Atakaye kununua herini hupewa mbili zifananazo kama mboni za macho ya mtu mmoja. Ikipotea moja, ya pili hubaki kama mjane. Hutiwa ndani ya kijaluba na kusahauliwa. Desturi hii imezoeleka hata wengi hudhani kwamba ni sheria ya maumbile. Lakini siku hizi wako masonara watengenezao herini za vito ambazo kwa makusudi hazifanani: sikio la kuume huning'inia kito cha rangi moja, na la kushoto kito cha rangi nyingine. Wako wanaowacheka, na wako wasemao kuwa huo ni uzushi wa kigeni usio na asili kwetu. Insha hii yataka kuiuliza historia jambo hilo, na kuliuliza kwa ajili ya mahali maalumu, yaani Tunduma na nchi ya Songwe inayoizunguka, ambako dhahabu yachimbwa na njia za mawe ya nchi mbili zakutana. Kama usawa wa herini ni sheria, masonara wa huko hawana budi kuitii. Kama ni mazoea tu, yafaa wajue ni mazoea ya nani, na nani ayalipiaye gharama.

Tuanze na lugha, maana maneno huhifadhi yale ambayo watu wamekwisha kuyasahau. Neno herini laonekana kuwa limetoka katika Kiingereza, nalo hujumlisha kila kivaliwacho sikioni. Kiswahili cha pwani cha zamani hakikujumlisha hivyo. Msichana alitogwa masikio. Tundu la ndewe lilikuwa na pambo lake, nalo ni jasi. Matundu ya ukingo wa sikio yalikuwa na lao, nalo ni kipuli. Na pua ilikuwa na kipini. Jasi la mwenye mali lilikuwa la fedha au dhahabu. Asiye na mali alikunja ukanda wa karatasi ya rangi mpaka ukawa kigurudumu, akautia katika ndewe, akapendeza. Tazama basi: kila pambo lilipewa jina kwa mahali pake katika mwili, wala si kwa kufanana kwake na jingine. Na majasi mawili yaliyokunjwa kwa mkono hayakuweza kuwa pacha kamili, hata aliyeyakunja akiwa hodari namna gani.

Ushahidi mwingine watoka Unguja. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 na ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Emily Ruete, alitoa kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo aeleza jinsi watoto wa kike wa jumba la Sultani walivyotogwa wangali wachanga, kwa kawaida matundu sita katika kila sikio. Yakapitishwa nyuzi nyekundu za hariri, na baadaye pete za dhahabu. Sita kuumeni na sita kushotoni: hapana shaka huo ni usawa. Lakini ni usawa wa namna gani? Ni usawa wa hesabu na wa heshima: hakuna sikio lililodharauliwa kwa ajili ya jingine. Nitauita usawa wa cheo. Ule wa dukani leo, utakao kwamba kitu hiki kiwe nakala ya kile, nitauita usawa wa sura. Aina mbili hizi zimechanganywa katika mawazo yetu, na katika kuchanganywa huko ndimo ilimo hoja yangu yote.

Tamaa ya usawa wa sura ni ya kale katika nchi nyingine, na mara nyingine imefikia ukatili juu ya kito chenyewe. Plinius, mwandishi wa Roma wa karne ya kwanza, asimulia habari za Kleopatra, malkia wa Misri, aliyekuwa na lulu mbili kubwa kuliko zote zilizojulikana. Moja aliiyeyusha katika siki akainywa, apate kushinda dau. Iliyobaki haikupatiwa mwenzake ulimwenguni. Basi ikakatwa vipande viwili, vikatundikwa katika masikio ya sanamu ya Venus huko Roma. Ikiwa kisa hiki ni kweli au ni hekaya, chatufunza mamoja: watu walikubali kuiharibu lulu isiyo na kifani kuliko kukubali masikio mawili yenye vitu viwili mbalimbali. Na palikuwa na desturi nyingine iliyokwenda kinyume kabisa. Charles wa Kwanza, mfalme wa Uingereza aliyeuawa mwaka 1649, alivaa lulu katika sikio la kushoto tu, wala hakuna aliyesema kwamba mfalme amesahau kumaliza kuvaa.

Usawa wa sura ulipata nguvu hasa viwanda vilipoanza kukata mawe kwa vipimo maalumu vya milimita. Chuma cha kalibu moja hutoa vitu mia visivyotofautiana, na kito kilichokatwa kwa kipimo cha kalibu hiyo huingia mahali pake bila taabu. Biashara ilipozoea hivyo, jozi iliyolingana ikawa na bei iliyozidi jumla ya mawe mawili yakiuzwa mbalimbali. Lakini jiwe halijui kalibu. Lilifanyika ardhini katika joto na mgandamizo, likapata rangi kwa chembe chache za madini, na jirani yake hakupata kadiri ile ile. Wahenga walinena kwamba vidole vya mkono havilingani. Waliochimba vito wajua kwamba mawe ya shimo moja hayalingani vilevile. Mwezi Juni mwaka 2020 Saniniu Laizer, mchimbaji wa Mirerani, aliiuzia Serikali ya Tanzania mawe mawili ya tanzanaiti kwa shilingi bilioni 7.7 hivi. Moja lilikuwa na zaidi ya kilo 9, la pili na zaidi ya kilo 5. Yalikuwa makubwa kuliko yote yaliyokwisha kuonekana, na hata hayo hayakuwa pacha.

Tanzanaiti yastahili kutazamwa zaidi, maana yabeba hoja yetu ndani ya mwili wake. Iligunduliwa Mirerani mwaka 1967, na mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ikaipa jina inalojulikana nalo. Jiwe hili huonyesha rangi tatu mbalimbali kwa kadiri ya upande litazamwapo. Likichomwa kwa joto la kiasi cha nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, rangi yake ya hudhurungi hufifia, zikabaki buluu na zambarau. Mkataji hana budi kuchagua uso upi auelekeze juu, na kila uchaguzi una hasara yake: mara nyingi atakaye buluu safi hupoteza sehemu kubwa zaidi ya jiwe kuliko aliyeridhika na zambarau. Basi jiwe moja likipasuliwa, kipande kimoja kikakatwa kwa upande wa buluu na kingine kwa upande wa zambarau, twapata ndugu wawili wa tumbo moja wasiofanana uso. Lulu ya Kleopatra ilikatwa ili ilazimishwe kufanana. Tanzanaiti hukatwa ikadhihirisha tofauti iliyokuwamo tangu mwanzo.

Gharama ya mazoea haya humwangukia nani? Humwangukia mchimbaji mdogo na mkataji wa nchini. Mwenye jiwe moja zuri lisilo na mwenzake huambiwa na dalali kwamba jiwe lake ni pungufu, ingawa halikupungukiwa na kitu ila pacha. Huliuza kwa bei ya chini, na kazi ya kulitafutia mwenzake katika maelfu ya mawe hufanywa na mwenye ghala kubwa. Kwa miaka mingi ghala hizo zilikuwa mbali, hasa Jaipur katika India, ambako tanzanaiti nyingi ilipelekwa kukatwa. Ndiyo maana Serikali mwaka 2010 ilizuia tanzanaiti ghafi iliyozidi gramu moja kusafirishwa nje. Ndiyo maana sheria za mwaka 2017 zilitilia mkazo kazi ya kuongeza thamani nchini. Na ndiyo maana masoko ya madini yalianza kufunguliwa mikoani mwaka 2019. Hatua hizo zafaa, lakini haziwezi kumpa sonara mdogo ghala la maelfu ya mawe. Akishikilia usawa wa sura, atashindana na matajiri katika uwanja waliouchagua wao. Akishika usawa wa cheo, mawe mawili tu yamtosha.

Hapa ndipo Tunduma huingia. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, lakini dhahabu yake ina historia ndefu. Uwanda wa Lupa, ambao sehemu yake imo katika Wilaya ya Songwe, ulijulikana kwa dhahabu tangu mwaka 1922, na mgodi wa New Saza ulifanya kazi huko kuanzia 1939 hadi 1956. Wachimbaji wadogo wangaliko mpaka leo. Upande wa pili wa mpaka imo Zambia, yenye zumaridi za Kafubu katika Ukanda wa Shaba na amethisti za Mapatizya upande wa kusini. Barabara kuu na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, hupita Tunduma zikielekea Dar es Salaam. Mpaka wenyewe ni matokeo ya mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890, yaliyowakata Wanyamwanga sehemu mbili bila kuwauliza. Tangu hapo ndugu wa kabila moja wameishi chini ya serikali mbili, kwa fedha mbili, wala hawakuacha kuwa ndugu. Mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa na marais wa nchi zote mbili. Sonara wa mahali hapa, akifuata sheria na vibali vya pande zote, aweza kuweka zumaridi ya Kafubu katika sikio moja na tanzanaiti ya Mirerani katika jingine, na kuyafunga yote mawili kwa dhahabu ya Lupa.

Msomaji atauliza: je, huko si kuuhalalisha uzembe, na kuita sanaa kile kilichokuwa upungufu? Swali ni la haki. Tofauti ya ajali si tofauti ya makusudi, na ya pili ina masharti magumu kuliko usawa wa sura. Kwanza ni uzito. Zumaridi na tanzanaiti za umbo na ukubwa mmoja hazilingani mizanini. Zumaridi huwa nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano, basi fundi hana budi kuongeza dhahabu upande wake, au kukata mawe kwa ukubwa mbalimbali. Pili ni urefu: vikining'inia kwa kimo kisicholingana bila sababu, mtazamaji ataona kosa kabla hajaona uzuri. Tatu ni kiungo: pawe na kitu kinachorudiwa pande zote mbili, kama madini yale yale, kalibu ile ile, au kijiwe kidogo kilichobadilishana mahali. Nne ni daraja: jiwe safi lisiwekwe pamoja na lenye mawaa, maana hapo sikio moja limedhulumiwa, na usawa wa cheo umevunjika. Atimizaye masharti haya hakukimbia kazi, bali amejiongezea.

Wahenga husema, chanda chema huvikwa pete. Hawakusema kwamba vyanda vyote vivikwe pete moja. Mafunzo ya kukata vito yatolewayo katika Kituo cha Jemolojia huko Arusha yangefaa kutia ndani sanaa hii, na kijana wa Songwe arudipo kwao na ujuzi huo asiambiwe tena kwamba jiwe lake lina kasoro kwa kuwa liko peke yake. Jasi la karatasi la pwani lilimpendeza mvaaji wake bila kuwa nakala ya jingine. Kito kilichotoka ardhini kwa jasho la mtu hakistahili heshima iliyo chini ya ile.