Kichwa Ndani ya Maji: Mashine ya CT na Miili Isiyolingana

Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley huko Wimbledon, London, mwanamke mmoja aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo alilazwa chali, kichwa chake kikaingizwa kwenye kofia ya mpira. Nyuma ya mpira ule palikuwa na sanduku lililojaa maji. Bomba la eksirei lilikaa upande mmoja na kipokezi upande wa pili. Viwili hivyo viliteleza pamoja taratibu vikisoma kiasi cha mionzi kilichopenya, vikazunguka nyuzi moja, vikateleza tena, hadi nyuzi 180 zikatimia. Kila kipande cha kichwa kilihitaji vipimo 28,800 na dakika kadhaa za kutotikisika. Kompyuta ya kuvichambua haikuwepo pale hospitalini, kwa hiyo tepu ilisafirishwa hadi kwenye kompyuta ya kampuni. Picha iliporudi, Dkt. James Ambrose aliuona uvimbe pale pale ulipokuwa, bila fuvu kufunguliwa.

Mashine ile ya CT ilibuniwa na Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, mtu asiye na shahada ya chuo kikuu. Msomaji wa pwani anaijua EMI bila kujua kwamba anaijua, kwani HMV, kampuni ya santuri iliyomrekodi mwimbaji Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, ilikuja kuwa sehemu ya EMI miaka michache baadaye. Hesabu za kuunda picha kama ile zilikuwa zimekwisha fanywa na mtu mwingine, Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kulifikiria mwaka 1956 akiwa mwanafizikia katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mwaka 1979 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja.

Lakini nataka tubaki kwenye yale maji. Picha za hadharani za mashine hiyo huonyesha chuma na nyaya, na maji husahaulika, ilhali ndiyo yaliyoficha tatizo ambalo fani hii imehangaika nalo tangu hapo.

Eksirei hazipungui mwilini kwa kiasi kile kile kila hatua; hukatwa nusu, kisha nusu ya nusu. Kwa mionzi inayotumika kwenye CT, kila sentimita 4 hivi za nyama hubakiza nusu tu ya kilichoingia. Basi mwale unaopita katikati ya kichwa hutoka dhaifu mno kuliko unaopita kando ya sikio, na kipokezi cha wakati ule kisingeweza kusoma vyote viwili kwa uaminifu. Hounsfield alijaza maji pembeni ili kila mwale upite unene ule ule. Kwa hila hiyo vichwa vyote, kikubwa kwa kidogo, vilikuwa sawa mbele ya mashine.

Tumbo haliwekwi ndani ya sanduku la maji. Robert Ledley wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, aliyesomea udaktari wa meno na fizikia, aliunda mashine ya kupiga mwili mzima, na mwaka 1974 ilikuwa kazini bila maji. Tangu hapo mashine ilikabiliana na watu kama walivyo, mtoto mchanga leo asubuhi, mtu wa kilo 130 mchana.

Tupige hesabu kidogo. Mtu mwenye kiwiliwili cha unene wa sentimita 30 na mwenye sentimita 40 wakipigwa kwa mpangilio mmoja, mionzi inayofika upande wa pili wa yule mnene ni pungufu takriban mara 6. Mionzi ikiwa haba, picha hujaa chenga, kama za televisheni ya zamani yenye antena mbovu. Chenga hizo huongezeka zaidi ya mara 2. Ukipunguza dozi ili kumkinga mgonjwa, mwembamba huenda asipoteze kitu, lakini yule mnene, hasa mabegani na nyongani, hupata picha yenye michirizi inayokatisha kutoka mfupa mmoja hadi mwingine.

Na si suala la urembo wa picha. CT ni mashine ya namba: maji ni 0, hewa ni −1000, na kila nukta ya picha ina thamani yake. Mwaka 1990 Arthur Agatston na wenzake walichapisha njia ya kupima chokaa kwenye mishipa ya moyo, na mpaka wao ulikuwa 130: nukta inayofika hapo huhesabiwa kuwa chokaa. Kwa mtu mnene aliyepigwa kwa dozi ndogo, chenga zinaweza kusukuma nukta ya misuli ya kawaida ikauvuka mpaka huo, mtu akaambiwa ana chokaa asiyokuwa nayo. Kwenye mapafu hutokea kinyume chake: chenga hushusha nukta chini ya −950, mpaka unaotumika kukadiria mapafu yaliyoharibika, na pafu zima likasomeka bovu.

Walioumia kwanza, hata hivyo, walikuwa watoto. Mwanzoni mwa 2001 jarida la Marekani la radiolojia lilichapisha makala zilizoonyesha kwamba watoto wengi walikuwa wakipigwa CT kwa mipangilio ya watu wazima. Mojawapo, ya David Brenner na wenzake, ilikadiria saratani ambazo zingeweza kuwapata baadaye. Ilikuwaje wataalamu wasione kwa miaka yote hiyo? Kwenye filamu ya zamani, mionzi ikizidi picha huwa nyeusi na kosa hujianika lenyewe. Kwenye CT, mionzi ikizidi picha hupendeza zaidi. Hakuna daktari anayelalamikia picha nzuri. Novemba mwaka huo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwa hospitali, na mwaka 2008 kampeni ya Image Gently ikaanza kuwasihi wapiga picha wampime mtoto kama mtoto.

Hata namba ya dozi inayoonekana kwenye skrini ilikuwa, na bado ni, ya mwili usiokuwepo. Hupimwa kwenye mche wa plastiki ngumu wenye kipenyo cha sentimita 32 kwa kiwiliwili, au 16 kwa kichwa. Alale nani mezani, mche ni ule ule. Mwaka 2011 chama cha wanafizikia wa tiba wa Marekani kilitoa jedwali la kurekebisha: kwa mtoto mwenye kipenyo cha sentimita 15, namba ya mche wa 32 huzidishwa kwa 2 na zaidi, kwa mtu wa sentimita 40, huzidishwa kwa kama 0.85 tu.

Mtu wa kubuni alikuwepo pia kwenye vitabu. Mwaka 1975 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi ilichapisha vipimo vya mtu wa rejea: kilo 70, sentimita 170, Mzungu wa desturi za Ulaya Magharibi au Amerika Kaskazini, akaaye penye joto la nyuzi 10 hadi 20. Dar es Salaam hatumjui.

Aliibuka tena, angalau kwa umbo, kwenye uchunguzi wa saratani ya mapafu. Utafiti mkubwa wa Marekani, uliosajili wavutaji na waliowahi kuvuta sigara 53,454 kati ya 2002 na 2004, ulionyesha mwaka 2011 kwamba CT ya dozi ndogo ilipunguza vifo vya saratani hiyo kwa asilimia 20 ikilinganishwa na eksirei ya kifua. Dozi yake ilikuwa wastani wa milisiveti 1.5, dhidi ya kama 8 za CT ya kawaida ya kifua. Mwaka 2015 bima ya Medicare ilipokubali kuulipia uchunguzi huo, iliweka kikomo cha miligrei 3 kwenye ile namba ya dozi ya skrini kwa mtu wa sentimita 170 na kilo 70, na papo hapo ikaagiza wadogo wapunguziwe na wakubwa waongezewe. Naliona agizo hilo kuwa la kweli kuliko jina lenyewe la dozi ndogo, maana dozi haina udogo mpaka ujue inaingia mwili gani.

Siku hizi mashine hupiga kwanza picha ya haraka, ikakadiria unene, kisha ikapandisha na kushusha mionzi inapopita shingoni, mabegani, kifuani. Nayo hudanganyika. Mgonjwa akilazwa juu au chini ya kitovu cha duara, karibu na bomba, kivuli chake hukua, mashine humdhania mnene na kummwagia mionzi ya ziada; akiwa mbali na bomba, humdhania mwembamba na kumnyima. Ndiyo maana yule mpiga picha huhangaika na kitufe cha kuinua meza, akitazama mstari wa taa kwenye mbavu zako. Mwache afanye kazi yake, usijisogeze.

Na ukimpeleka mtoto CT, uliza kama mashine imepangwa kwa uzito wake. Ukiwa wewe ndiye mnene, usidai dozi ndogo kuliko zote: picha isiyosomeka hurudiwa, na ya kwanza haitolewi mwilini.