Simba, Hariri na Udi wa Mjomba

Mwaka niliotoka chuo bila cheti, mjomba wangu wa Mombasa alinipa udi wake wa zamani. Ulikuwa umebaki na nyuzi nne tu. Mfukoni sikuwa na kitu, kwa hivyo nikanunua seti mbili za nyuzi za gitaa, zile za chuma, kwa sababu ndizo zilikuwa rahisi dukani. Nikafunga, nikakaza, nikalala. Usiku nikasikia mlio kama mlango umepigwa teke. Kile kipande cha mti kinachoshikilia nyuzi kilikuwa kimeng'oka na vipande vya ubao wa mbele.

Mjomba hakunigombeza. Kwenye simu alisema tu, "Mwanangu, udi si gitaa," akakata. Heri angenigombeza.

Ndipo nikaanza kusoma. Kumbe watu wamesumbuka na swali hili la nyuzi kwa zaidi ya miaka 1,000.

Anza na jina. Kwa Kiarabu, ud ni mti tu, ndiyo maana huko Pwani neno udi ni ala na pia ni ule mti wa kufukizia nyumba. Wahispania waliusikia al-ud wakauita laúd, Waingereza wakauita lute. Ala ilisafiri na jina lake, na shida zake pia.

Katika karne ya 9, mwanafalsafa al-Kindi wa Baghdad aliandika kuhusu udi wa nyuzi nne. Nyuzi mbili nene zilikuwa za utumbo wa mnyama, mbili nyembamba za hariri. Hakukuwa na urembo hapo. Uzi wa sauti ya juu lazima uvutwe sana, na hariri huvumilia kuvutwa kuliko utumbo wa unene uleule. Kila uzi ulipewa kazi unayoiweza.

Halafu kuna Ziryab, mwanamuziki aliyetoka mashariki akafika Córdoba mwaka 822. Mwanahistoria al-Maqqari anasimulia kwamba, akiwa bado Baghdad, Ziryab aliitwa mbele ya khalifa Harun al-Rashid, akapewa udi wa mwalimu wake apige. Akakataa. Akataka wake, wenye nyuzi nene za utumbo wa mwana-simba na nyembamba za hariri isiyosokotwa kwa maji ya moto, kwa kuwa maji ya moto huilegeza. Huko Córdoba, anasema, aliongeza uzi wa tano, na badala ya kipande cha mti akapigia unyoya wa tai. Mpaka leo Waarabu hukiita kipigio cha udi risha, yaani unyoya.

Sasa, al-Maqqari aliandika karne ya 17, miaka 800 baadaye. Hadithi ikisafiri hivyo, hata paka anaweza kufika akiwa simba. Lakini angalia sababu anazotoa: sauti safi, na uzi kutochakaa upesi kwa kupigwa. Hayo ni maneno ya mtu anayejua nyuzi, simba awepo asiwepo.

Walionishika zaidi ni Ikhwan al-Safa, kundi la wasomi wa Basra wa karne ya 10. Wao walihesabu. Uzi mnene zaidi usokotwe kwa nyuzinyuzi 64 za hariri, unaofuata 48, kisha 36, na mwembamba 27. Kila namba ni theluthi moja zaidi ya iliyo chini yake. Na hiyo nne kwa tatu ndiyo nafasi ya sauti kati ya uzi na uzi, ile ya kutoka do hadi fa. Inapendeza mno, nikaamua kujaribu.

Nikanunua uzi wa kushonea. Nikasokota mmoja wa nyuzi 27 na mwingine wa 36, nikapaka nta, nikavining'iniza kwenye ubao kwa urefu sawa, kila mmoja na mtungi wa maji wa lita 5. Nikapiga. Tofauti haikufika do na fa. Nikasokota wa 48, na hapo ikaingia sawasawa.

Sababu aliieleza Marin Mersenne, padri Mfaransa, katika kitabu chake cha 1636. Ukitaka sauti ishuke mara mbili bila kulegeza uzi, uzito wake lazima uongezeke mara nne. Kwa hesabu hiyo, anayemfuata 27 ni 48, si 36. Ukizitumia namba za Basra, nyuzi nyembamba lazima zivutwe zaidi kuliko nene. Labda hilo halikuwasumbua. Mpigaji hukaza kwa sikio, hana mtungi.

Mimi ndiye sikuwa na sikio wala hesabu. Chuma ni kizito, kwa hivyo kufika sauti ileile kinahitaji kuvutwa kwa nguvu nyingi, na ubao mwembamba wa udi haukuundwa kuibeba. Nilichagua uzi kwa bei. Ala ndiyo ilipaswa kuchagua.

Fundi aliubandika. Sasa una nyuzi za nailoni, na zile nene zimezungushiwa waya mwembamba wa shaba. Wiki iliyopita nilimpigia mjomba, nikaweka simu kando ya udi, nikapiga nyuzi zote moja moja. Alikaa kimya kidogo.

"Huo mwembamba uko chini," akasema. "Kaza. Polepole."

Nikakaza polepole.