Tsunami
Tsunami ni mfululizo wa mawimbi yanayozuka pale maji mengi ya bahari yanaposukumwa ghafla, aghalabu na tetemeko la ardhi linaloinua au kushusha sakafu ya bahari, na mara chache na maporomoko au volkano. Katika kilindi mawimbi hayo huenda kasi ya ndege ya abiria, ilhali kimo chake mara nyingi hakifiki mita moja, hivyo mabaharia hawayatambui. Yafikapo maji machache hupunguza mwendo na kupanda juu.

Umbali yanaoingia nchi kavu hutegemea mteremko wa pwani, umbo la ghuba, miamba ya matumbawe na, jambo linalosahauliwa mno, kupwa na kujaa kwa maji. Tarehe 26 Desemba 2004, kufuatia tetemeko la Sumatra lenye ukubwa wa 9.1, maji yalipanda zaidi ya mita 30 huko Lhoknga, na kwenye tambarare ya Banda Aceh yakaingia kilomita kadhaa. Saa kadhaa baadaye yalipofika Kenya na Tanzania yalikuta bahari imekupwa, madhara yakawa madogo kuliko Somalia, ambako mji wa Hafun, uliojengwa juu ya ulimi wa mchanga usio na mwinuko, uliharibiwa vibaya.