Nyumba Iliyojengwa Nusu ya Njia

Katika mwaka 1876 Askofu Edward Steere, ambaye jina lake lajulikana kwa kila msomi wa Kiswahili kwa ajili ya kitabu chake cha sarufi, aliongoza msafara kutoka Lindi kwenda bara. Walikuwamo wanaume kwa wanawake waliookolewa katika biashara ya utumwa na kutunzwa Unguja na Misheni ya Vyuo Vikuu. Kusudi la safari lilikuwa kuwarudisha makwao, katika nchi zilizo upande wa Ziwa Nyasa. Hawakufika. Walipoviona vilima vya mawe vya Masasi waliomba wakae pale, wakajenga. Kiu yao ilikuwa kurudi nyumbani. Kilichopatikana kilikuwa nyumba mpya nusu ya njia.

Tukio hili ni ufunguo wa historia ya kusini, toka Masasi mpaka Nachingwea, na toka Nachingwea mpaka vijiji vya Wamwera kama Chinongwe, upande wa Ruangwa. Ni nchi iliyoahidiwa mengi ikanyang'anywa mengi. Katika nchi ya namna hiyo kumbukumbu huwa tamu kupita kiasi. Jana haina tishio, maana mwisho wake umekwisha kujulikana, kesho imefunikwa. Kwa hiyo moyo wenye hofu hurudi nyuma kutafuta kimbilio.

Kimbilio la Masasi halikudumu. Mwaka 1882 Wangoni walikishambulia kijiji cha misheni, wakaua na kuteka, na kazi ya misheni ikahamia Newala. Mateka waliotekwa siku ile baadhi yao walikuwa watu waliokwisha onja utumwa na uhuru. Sasa walionja utumwa tena. Mwaka 1905, katika vita vya Maji Maji, vituo vya Wabenediktini vya Lukuledi na Nyangao viliangamizwa. Hata hivyo Masasi ilisimama tena, na mwaka 1906 Wabenediktini walianza kazi Ndanda. Waliojenga upya hawakuwa na hakika kwamba kuta hazitaanguka mara nyingine.

Ahadi ya pili ilikuja kwa chuma. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilikata shauri kulima karanga katika zaidi ya ekari 3,000,000 za Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Nachingwea ilikuwa moja ya mashamba yake makuu. Matrekta yalifyeka msitu, reli ikajengwa kutoka pwani, na bandari ya Mtwara ikachimbwa kwa ajili ya mzigo uliotazamiwa. Mzigo haukuja. Januari 1951 mpango ulivunjwa, na hasara ilikuwa paundi 36,000,000 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ilifungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Ardhi ilibaki, na pamoja nayo mazoea ya kungoja.

Hapo ndipo ulipo mzozo wa kweli. Yuko awezaye kusema kwamba tumaini la Kikristo huongeza mazoea hayo. Kwamba mtu afundishwaye kutazama mbingu husahau kudai barabara. Shutuma hiyo si ya kudharauliwa, maana yako mahubiri yaliyoistahili. Lakini nabii Yeremia, alipowaandikia mateka wa Babeli waliolia kwa kuukumbuka Yerusalemu, hakuwaambia wangoje. Aliwataka wajenge nyumba, wapande bustani, na kuutakia heri mji waliomo. Ahadi ya kurudi ilikuwapo, lakini ilikuwa mbali. Kazi ilikuwa karibu.

Maisha ya Cecil Majaliwa ni mfano wa fundisho hilo. Alikuwa Myao aliyechukuliwa utumwani utotoni, akasomeshwa Unguja na Uingereza. Mwaka 1886 alitumwa Chitangali, miongoni mwa Wayao, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa ukasisi katika misheni ile. Utoto alionyang'anywa haukurudi. Aliwarudia watu wa kabila lake akiwa mtu mwingine, mwenye kazi mkononi.

Leo kusini yanenwa tena habari za neema: kuna madini ya kinywe Ruangwa, na bei ya korosho hupanda na kushuka. Mzee wa Chinongwe apandaye mkorosho hajui bei ya mwaka atakaovuna, wala hajui kama atakuwa hai. Apanda. Kumbukumbu humwambia kwamba treni iliondoka; tumaini humwambia kwamba shimo lichimbwe kabla ya mvua. Yote mawili ni kweli, lakini la pili ndilo lililojenga Masasi.