Safu ya Lugha: Kiberiti kabla ya njiti

Wapo wanaocheka wakisoma katika Biblia kwamba Sodoma ilinyeshewa kiberiti, kana kwamba maboksi ya njiti yalidondoka kutoka mawinguni. Kumbe neno hili, ambalo wengine hulitamka kibiriti, tumelipata kwa Waarabu, na kwao ni yale madini ya manjano yanayowaka kwa mwali wa buluu na kutoa moshi wa kukaba koo. Kamusi za zamani huyataja pia kama kiberiti upele, maana unga wake ulipakwa kwenye ngozi yenye upele. Njiti zilirithi jina kwa kuwa vichwa vyake vilichovywa humo. Siku hizi hata kile cha gesi, kisicho na chembe ya madini hayo, ni kiberiti tu, nami sioni kosa.

Kosa ni kuyaita madini hayo baruti. Baruti ni mchanganyiko: kiberiti, mkaa na shura. Na ile salfa ambayo wakulima wa korosho wa Mtwara hupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga? Ni kiberiti kilekile, kimerudi kwa jina la Kizungu. Mwalimu wa kemia na abaki na salfa yake, lakini anayefasiri maandiko ya kale asione haya kuandika kiberiti.