Ng'ombe wa Kukabidhiwa na Kazi ya Ujima katika Nchi ya Mara

Katika nchi ya Mara, toka Musoma penye ziwa hata Bunda na vilima vya Butiama, wazee walikuwa na desturi mbili ambazo yafaa tuzichungue, maana kwa hizo mtu asiye na kitu alipata kutumia mali isiyo yake.

Ya kwanza ni kukabidhi ng'ombe. Mwenye ng'ombe wengi hakuwafuga wote katika zizi moja, bali aliwagawa kwa jamaa na rafiki wa mbali. Mlezi alikunywa maziwa, alipata samadi ya shamba, na pengine alipewa ndama kwa taabu yake. Lakini ng'ombe na uzao wake walibaki mali ya mwenyewe. Wengine hudhani huo ulikuwa ukarimu mtupu. Sivyo. Sotoka ya miaka ya 1890 iliwaonya wafugaji wa Afrika ya Mashariki jinsi mali ya miguu inavyokwisha upesi. Na wezi wakivamia zizi moja, la pili husalia. Basi tajiri alimhitaji maskini, kama maskini alivyomhitaji tajiri.

Ya pili ni ujima. Majirani waliitwa kulima, kuvuna au kuezeka, wakalipwa chakula na pombe, na kila mmoja alijua kwamba zamu yake itafika. Lakini hapa pana jambo ambalo wasifuo mambo ya kale hulipita kimya: mwenye nafaka nyingi aliita watu wengi, na mjane asiye na ulezi wa pombe aliita wachache.

Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi wa Wazanaki, aliandika mwaka 1962 kwamba katika jamii ya kale mtu hakufa njaa kwa kukosa mali yake mwenyewe, kwa kuwa aliitegemea mali ya jamii. Twakubali, ila twaongeza kwamba tegemeo hilo lilikuwa na mlango, na si wote walioupita kwa urahisi.

Wakulima wa pamba wa nchi za ziwa waliungana mwaka 1955 katika shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, kisha sheria ya 1982 ikavirudisha. Siku hizi wanawake wengi huweka akiba katika vikundi: kisanduku kina kufuli tatu, funguo hushikwa na watu watatu, na mkopo hutolewa mbele ya wote. Sheria ya mwaka 2018 imevitambua vikundi hivyo.

Twaona uzi mmoja katika hayo yote: mashahidi, fungu lijulikanalo, na haja ya pande mbili. Lakini asiyeweza kununua hata hisa moja yu nje ya kikundi, kama yule mjane asiye na ulezi. Basi atakaye kujua kama ushirika wafaa maskini, asihesabu waliomo tu. Na aulize ni nani aliyebaki mlangoni.