Adventurer Hakupanda Meli
Nilipoacha chuo, nyumbani waliniita reckless. Jamaa mwingine aliacha akiwa na mtaji wa babake, yeye akaitwa risk-taker. Hii maneno si ya jana. East India Company ilipoanzishwa London mwaka 1600, adventurer kwenye vitabu vyake alikuwa mfanyabiashara aliyeweka pesa kwenye safari, hata kama yeye mwenyewe alibaki kwake akiota moto. Baharia wa mshahara hakuhesabiwa humo. Safari ya kwanza iliondoka 1601 chini ya James Lancaster, na mabaharia wengi wakafa kwa kiseyeye, fizi zikioza. Reckless, neno la kale zaidi, maana yake ni asiyejali. Mimi naona walijali sana tu. Mshahara ulikuwa kwenye meli.